Pango Lina Wenyewe

Paukwa!

Najua mmeitikia "pakawa", kila mmoja hapo alipo. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina popo, chatu, tembo, wachimba shaba, na Mfaransa mmoja aliyepotelewa na tarehe. Wala si ya kutunga. Yote nitakayowasimulia ni ya kweli, na mengi yako huku kwetu Uganda, Kasese na jirani zake.

Tuanzie Kabatoro. Ukisimama ukingoni unaliona Ziwa Katwe kwa chini, limetulia ndani ya kreta. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka vilindini yakakutana na maji. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, mvuke ukaipasua ardhi. Pakabaki shimo, nalo likajaa maji yasiyo na mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi inabaki. Ndiyo chumvi ambayo wanaume huing'oa kwa mabamba kutoka sakafu ya ziwa, na akina mama huivuna kwenye vidimbwi vya pembeni. Ishikeni kumbukumbu ya chumvi hiyo, maana kuna mnyama mkubwa anayeitafuta mahali ambapo hamtarajii.

Mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa kreta hawezi kukosa kujiuliza: huko chini kuna nini? Na njia ya kwanza ya kujua ni pango.

Mafundi watatu

Pango halijichimbi. Lina mafundi wake, nao ni watatu.

Wa kwanza ni maji. Mvua ikishuka huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi angani na udongoni, ikawa na uchachu kidogo. Ulimi wako hauusikii uchachu huo, lakini mawe ya chokaa yanausikia: yanayeyuka, kidogo kidogo, kwa maelfu ya miaka, mpaka ufa unakuwa chumba. Kisha maji hayohayo yakidondoka kutoka darini huacha chembe ya chokaa pale tone liliponing'inia. Chembe juu ya chembe, jiwe linaota kwenda chini, na jingine linaota kutoka sakafuni kwenda juu. Nendeni Amabere, karibu na Fort Portal, mkayaone. Watu wa Tooro wanasimulia kwamba Nyinamwiru, binti wa mfalme Bukuku, alimzaa Ndahura kinyume na amri ya baba yake, na kwamba mtoto huyo, aliyekuja kuwa mfalme wa Bacwezi, alilishwa kwa matone meupe ya pango hilo. Mawe ya namna hiyo mara nyingi hayaoti hata milimita moja kwa mwaka. Ukivunja kipande upate cha kuchezea, umevunja kazi iliyoanza kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Fundi wa pili ni moto. Mawe yaliyoyeyuka yanapotiririka kutoka volkano, ya juu hupoa na kuganda kwanza, ya ndani yanaendelea na safari. Chanzo kikikatika, ya ndani humalizika kutoka, linabaki handaki tupu. Kenya wanayo mengi, kule Suswa na kwenye vilima vya Chyulu. Moja la Chyulu, linaloitwa Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 10.

Fundi wa tatu ni mwenye haja: kiumbe anayechimba kwa sababu kuna kitu anakitaka. Huyo tutakutana naye.

Kiza kisicho na nyota

Sasa tuingie. Hatua za kwanza bado una jua mgongoni. Kuna majani, mijusi, nyuzi za buibui. Hatua kadhaa mbele unaona kuta lakini huoni miguu yako. Kisha unakata kona moja tu, na mwanga unakwisha.

Kiza hiki si cha usiku. Usiku kuna nyota, kuna taa ya jirani, na jicho likizoea kwa nusu saa huanza kuona njia. Pangoni hakuna cha kuzoea. Ukizima tochi ukapunga mkono mbele ya uso, unaweza kuapa kwamba umeuona ukipita. Hukuuona. Ubongo unajua mkono ulipo, basi unakuchorea picha yake.

Na saa nazo hupotea. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre, kijana wa miaka 23, alishuka peke yake katika pango lenye barafu kwenye milima ya Alps, bila saa wala redio ya kumwambia siku. Alikuwa na simu ya kuwaarifu wenzake walioko juu kila alipoamka, alipokula na alipolala, ila wao walikatazwa kumtajia wakati. Alikaa huko miezi miwili. Walipomwambia muda umekwisha, tarehe 14 Septemba, yeye kwa hesabu yake alikuwa tarehe 20 Agosti. Siku 25 zilikuwa zimempita. Hata hivyo mwili wake ulikuwa ukiamka na kulala kwa mzunguko uliokaribia saa 24. Tangu hapo wataalamu wakaelewa vizuri zaidi kwamba binadamu ana saa ndani yake inayotembea hata pasipo jua.

Wenyeji wa Maramagambo

Turudi kwetu. Ukitoka Kabatoro, ukavuka Mfereji wa Kazinga, unafika upande wa Msitu wa Maramagambo, ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth. Msituni humo kuna pango ambalo wageni wanaliita Pango la Chatu. Kabla hujaliona unalinusa. Ni harufu kali ya kinyesi na mkojo wa popo, inakuchoma pua. Kisha unasikia kelele, kama soko la Mpondwe siku ya gulio.

Popo wa hapo ni wale wala matunda, na wako makumi ya maelfu. Wananing'inia wamebanana hadi mwamba hauonekani. Wana macho makubwa na sura ya kijibwa kidogo. Jamii nyingi za popo wala matunda hutegemea macho tu, lakini hawa wana ufundi wao: wanapiga ulimi mara mbili mbili, ta-ta, ta-ta, wanasikiliza mwangwi, na hivyo wanaujua ukuta ulipo. Mama huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, naye hukaa amemng'ang'ania kifuani. Jua likizama kundi zima linatoka kwenda kutafuta matunda, na popote linapopita mbegu zinadondoka. Miti mingi ya misitu yetu imepandwa na popo.

Chini yao yuko chatu. Hana haja ya kuwinda mbali. Anajipenyeza kwenye nyufa, anangoja popo aliyekosea, anameza, analala. Nyoka wenye sumu nao wanalijua pango hilo.

Lakini aliye hatari kuliko chatu hana meno, wala huwezi kumwona.

Mgeni asiyeonekana

Mwaka 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade iliyokuwa Yugoslavia, watu wa maabara waliugua ugonjwa usiojulikana: homa kali, kutapika, kuharisha, damu kutoka. Waliougua walikuwa 31, wakafa 7. Wa kwanza kuugua walikuwa wameshughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Virusi vikapewa jina la mji wa Marburg, na kwa miaka 40 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika vinaishi wapi.

Dalili zikaanza kuelekeza chini ya ardhi. Kati ya 1998 na 2000 ugonjwa ulizuka Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Waliougua walikuwa 154, wakafa 128, na wengi wa walioanza kuugua walikuwa wachimba dhahabu wa mgodi mmoja uliojaa popo. Mgodi ulipofurika maji, ugonjwa ukakoma. Mwaka 2007 ikawa zamu ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, upande wa Ibanda. Ndipo watafiti wa Uganda na wa Marekani wakaingia mgodini wamejifunika mwili mzima, glavu mikononi na barakoa usoni, wakanasa popo na kuwapima. Mwaka 2009 wakatangaza: virusi hai vya Marburg vimepatikana ndani ya popo wala matunda. Popo anavibeba bila kuumwa. Tunaokufa ni sisi.

Pango la Chatu nalo lilikuwa limeshatoa onyo. Mwishoni mwa 2007 mtalii kutoka Marekani aliingia, akarudi kwao, akaugua, akapona. Katikati ya 2008 akaingia mtalii kutoka Uholanzi. Huyo alifia hospitalini kwao mwezi Julai. Hawakung'atwa na chatu. Waliingia nyumba ya popo, basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye funzo. Kuna njia mbili za kukabiliana na habari kama hii, na zote zimejaribiwa huku kwetu.

Kule Kitaka walichukua njia ya hasira. Waliziba milango, wakawaua popo karibu wote. Baada ya muda popo wengine walihamia. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena maeneo hayo, na watafiti walipowapima popo wapya walikuta wenye virusi, kwa kila mia, ni zaidi ya mara mbili ya wale wa zamani. Maelezo yao ni kwamba popo waliokwisha kupata virusi na kupona hujenga kinga. Ukiwaua hao, wanakuja wageni wachanga wasio na kinga, na virusi vinapata pa kukimbilia.

Kule Maramagambo walichukua njia ya adabu. Pango lilifungwa, kisha kikajengwa chumba cha kutazamia, mbali kidogo na mlango wa pango, chenye kioo. Mgeni anafika na askari wa wanyamapori, anaangalia popo na chatu kadiri apendavyo, anaondoka. Popo wamebaki na nyumba yao na watu wamebaki na afya yao.

Tembo anayechimba chumvi

Nilisema kuna mnyama anayeitafuta chumvi. Yuko Mlima Elgon, upande wa Kenya, kwenye pango linaloitwa Kitum. Pango hilo linaingia mlimani karibu mita 200, na usiku tembo huingia humo. Mwanga hawana. Wanapapasa kwa mkonga, hatua kwa hatua, mama mbele na mtoto nyuma yake, wakikwepa mashimo na mawe yaliyoporomoka. Wakifika ukutani wanachomeka pembe kwenye mwamba laini wa majivu ya volkano, wanabomoa vipande, wanavisaga kwa magego na kumeza. Ndani ya mwamba ule mna chumvi, na majani ya mlimani hayana chumvi ya kutosha.

Tembo wamefanya hivyo vizazi na vizazi, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba sehemu kubwa ya pango wameichimba wao wenyewe. Huyo ndiye fundi wa tatu, mwenye haja. Mama wa Kabatoro anayeingia ziwani kuvuna na tembo wa Elgon anayeingia mlimani kubomoa, haja yao ni moja.

Kitum nako kuna popo. Mwaka 1980 mtu aliyekuwa ametembelea pango hilo alipatwa na Marburg, na mwaka 1987 mwingine. Nyumba nzuri, wenyeji walewale.

Mlima uliotobolewa Kilembe

Binadamu naye ni mwenye haja, na haja yake haishi. Ukitoka mjini Kasese ukapanda kando ya Mto Nyamwamba, unafika Kilembe. Mlima wa hapo umetobolewa. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese, na mwaka huohuo uchimbaji wa shaba ukaanza kwa kishindo. Wanaume waliingia kwa njia zilizokatwa ubavuni mwa mlima, kofia ngumu kichwani, taa juu ya paji la uso. Walitoboa mwamba, wakajaza baruti, wakarudi nyuma, wakalipua, wakazoa mawe. Shaba ikaenda kuyeyushwa Jinja kwa umeme wa Mto Nile. Mpaka kazi iliposimama mwaka 1982, yalikuwa yametolewa mawe yenye madini karibu tani milioni 16.

Mchimbaji wa chini hujua mambo mawili ambayo mtu wa juu hayajui. La kwanza ni joto. Kadiri unavyoshuka, mwamba unazidi kuwa wa moto: nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita. Afrika Kusini, kwenye mgodi wa Mponeng unaokaribia kilomita 4 kwenda chini, mwamba unazidi nyuzi 60, na watu hupelekewa barafu ili waweze kufanya kazi.

La pili ni hewa. Chini ya ardhi hewa haijiendei. Lazima isukumwe, na isiposukumwa inaharibika. Majirani zetu wa Goma wanalijua hilo hata bila mgodi. Kwenye mabonde yao karibu na volkano, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kujikusanya kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inalala chini. Mtu mzima anaweza kusimama salama mahali ambapo mtoto au mbuzi anaanguka na kufa. Ndiyo maana mtoto hatumwi peke yake kuchungulia shimo.

Na mlima uliotobolewa haunyamazi kwa kuwa watu wameondoka. Mawe yaliyosagwa yaliachwa malundo kando ya Nyamwamba. Madini yake yakikutana na maji na hewa hutoa tindikali, na watafiti wamekuta shaba na kobalti nyingi kupita kiasi kwenye udongo wa bonde hilo. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020, yaliyobomoa nyumba na kuikumba hospitali ya Kilembe, yaliyabeba mabaki hayo hadi mashambani. Tuliyoyatoa chini yakatufuata juu.

Hodi tatu

Je, nawaambia msiingie pangoni kamwe? Hasha. Nani angejua habari za saa ya mwilini, za tembo wachimbaji, za maskani ya virusi, kama watu wasingeingia? Ila waliingia kwa adabu. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa anaondoka bila kinyongo. Pangoni ni vivyo hivyo.

Hodi ya kwanza ni kwa watu. Uliza wenyeji na askari wa mbuga: pango hili lina nini, nani ameingia, lini? Wakikukataza, wanajua wanachokikataza. Wakikuruhusu, nenda na mtu mzima anayelifahamu pango, msipungue watatu, na mwacheni mtu nje anayejua mtarudi saa ngapi.

Hodi ya pili ni kwa wanyama. Simama mlangoni, nusa, sikiliza. Ukisikia popo, hapo ndipo mwisho wako. Usiwarushie mawe, usiokote aliyeanguka, usikanyage kinyesi chao, wala usile tunda waliloliuma. Ukiwa umewagusa kisha ukapata homa, mwambie daktari ulikuwa wapi. Neno hilo moja laweza kukuokoa wewe na wauguzi wako.

Hodi ya tatu ni kwa mbingu na hewa. Tazama mawingu ya mlimani, si ya juu ya kichwa chako tu, maana mvua ya Rwenzori inaweza kujaza pango huku chini jua likiwaka. Kichwa kikianza kuuma, pumzi zikikatika, usisubiri kujua sababu. Geuka. Na kila mmoja awe na kofia ngumu na taa tatu: moja inawaka, moja mfukoni, moja ya akiba.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lililovunjikia pangoni halifikiwi na bodaboda.

Kwa wale ambao roho zao zimekwisha kuingia huko chini, na nawajua mpo, shikeni masomo. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iko Entebbe tangu 1936, na inahitaji wanabiolojia wasioogopa kiza. Bonde la Nyamwamba linahitaji wakemia wa kulisafisha. Kreta na mapango ya Kasese yanahitaji wanajiolojia waliokulia hapa. Pigeni hodi tatu. Mkijibiwa, ingieni pamoja. Msipojibiwa, rudini nyumbani mkale, mtaingia siku nyingine.

Hadithi yangu imekwisha.